Mwanafizikia alipouliza uhai ni nini

Mwaka jana nilialikwa katika kongamano la sayansi za uhai kwenye chuo kikuu kimoja humu nchini. Waandalizi walitaka mtu wa lugha naye awepo. Ukumbini waliketi wanabiolojia, wanakemia, madaktari wa mifugo, wataalamu wa kompyuta na, nyuma kabisa, wafugaji wanne wa ngamia ambao damu ya wanyama wao ndiyo iliyochunguzwa. Mada zote ziliwasilishwa kwa Kiingereza. Mwishoni mzee mmoja akainuka, akauliza kwa Kiswahili: "Sasa hawa ngamia wangu, mmewaona na nini?" Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nami, mwalimu wa Kiswahili wa miaka mingi, nikakwama kwenye neno la tatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiwaza mihadhara ya Dublin ya 1943.

Erwin Schrödinger alikuwa mwanafizikia wa Austria, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1933, aliyewakimbia Wanazi akapata hifadhi Ayalandi mwaka wa 1939. Aliyemwita ni Waziri Mkuu Éamon de Valera, mtu aliyepata kuwa mwalimu wa hisabati na ambaye pia aliipigania lugha ya Kiayalandi. Mwaka wa 1940 de Valera aliunda Taasisi ya Taaluma za Juu ya Dublin ikiwa na vitengo viwili tu: fizikia ya nadharia, na taaluma za Kikelti. Hebu tafakari, msomaji. Atomi na lugha ya wenyeji ndani ya sheria moja! Wapo waliocheka. Mwandishi wa safu katika gazeti la The Irish Times, Myles na gCopaleen, alikejeli kwamba kazi yote ya taasisi hiyo ilikuwa kuthibitisha kuwa kulikuwa na Watakatifu Patrick wawili na kwamba hakuna Mungu. (Sisi waandishi wa safu ni watu wabaya.)

Taasisi hiyo ilitakiwa kutoa mihadhara kwa umma. Basi Februari 1943 Schrödinger akasimama mara tatu katika Chuo cha Trinity kuuliza uhai ni nini. Walikuja watu wapatao 400, de Valera akiwa miongoni mwao, na kwa kauli ya Schrödinger mwenyewe hawakupungua sana hadi mwisho. Alizungumza Kiingereza, ambacho si lugha aliyozaliwa nayo, na hisabati, silaha yake kuu, karibu aiache nyumbani.

Mambo ya urithi hayakuwa fani yake. Aliyachota kwa wenzake. Huko Berlin, katika miaka ya 1930, kikundi kidogo kilikuwa kikikutana nyumbani kwa mama yake Max Delbrück, mwanafizikia kijana. Nikolai Timoféeff-Ressovsky, mtaalamu wa jenetiki kutoka Urusi, alikuwa akiwapiga nzi miale ya eksirei aone watoto wao watabadilika vipi. Karl Zimmer alikuwa mjuzi wa miale yenyewe. Mwaka wa 1935 watatu hao walichapisha makala kuhusu jeni katika jarida ambalo ni wachache mno waliolisoma. Schrödinger aliisoma. Mimi naona semina ile ya sebuleni, isiyo na bango wala mikoba ya wajumbe, ndiyo mama wa haya yote.

Akasema jeni ni mithili ya fuwele, ila fuwele isiyojirudia kama nakshi ya khanga, na kwamba ndani yake mna maandishi ya siri yanayoamua kiumbe atakuwaje. Kuonyesha kuwa kitu kidogo chaweza kubeba mengi, akatoa mfano wa simu ya maandishi ya Morse: ukiwa na alama mbili tu, nukta na kistari, ukazipanga kwa mafungu yasiyozidi manne, unapata alama 30 tofauti.

Tusimpambe kupita kiasi. Yeye alidhani jeni huenda ni protini, na mwaka ule ule kitabu chake kilipotoka, 1944, Oswald Avery na wenzake huko New York walionyesha kuwa ni DNA. Max Perutz aliandika miaka mingi baadaye kwamba yaliyokuwa kweli kitabuni hayakuwa mapya, na mengi yaliyokuwa mapya hayakuwa kweli. Ni hukumu kali, na sidhani alikosea. Lakini James Watson, Francis Crick na Maurice Wilkins, waliotuzwa Nobel pamoja mwaka wa 1962 kwa kazi ya muundo wa DNA, wote walikisoma na kukiri kuwa kiliwasukuma. Crick na Wilkins walikuwa wanafizikia waliohamia biolojia.

Kwangu mimi linalonigusa zaidi ni lile neno "maandishi". Tangu hapo wanabiolojia wamekuwa wakikopa kwetu bila kurudisha: jeni hunukuliwa, kisha hutafsiriwa, siku hizi hata huhaririwa. Unukuzi na tafsiri tunavifundisha kila muhula, jengo la pili kutoka maabara zao! Na bado niliduwaa mbele ya mzee.

Baadaye nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandaa, nikamweleza kwa Kiswahili safi kuhusu vimelea vya damu na nzi wanaouma. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Profesa, huo ugonjwa tunaujua," akasema. "Una jina kwetu tangu enzi za babu. Mimi nataka kujua kwa nini dawa imekataa."

Kwa hilo namhitaji mwanabiolojia aketi nami, na itabidi tuanzie kwenye jeni la kimelea na jinsi maandishi yake yanavyobadilika. Nimemwomba mmoja wa wale wa kongamano. Tunakutana Jumamosi, nyumbani kwangu.