Nyanya za Kisiwa cha Wake

Mwaka 1699 daktari John Woodward wa London alichapisha matokeo ya jaribio lake la nanaa. Aliiotesha kwenye vyombo vya maji: maji ya mvua, ya mto Thames, ya mfereji wa Hyde Park, na mengine ya mfereji huo yaliyokorogwa udongo wa bustani. Iliyostawi zaidi ni ile ya maji yenye udongo. Woodward akakata shauri kuwa chakula cha mmea ni udongo, si maji.

Karne ya 19 ikamsahihisha. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea kwenye maji yaliyotiwa chumvi za madini tu, bila chembe ya udongo. Mmea unataka madini yaliyoyeyuka, hewa kwenye mizizi na kitu cha kuushikilia.

Ujuzi huo ulikaa maabara hadi 1929, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alipoanza kuutoa nje. Juu ya matangi ya kina kifupi alitandika wavu wa waya uliobeba matandazo ya majani makavu. Mizizi ikapenya na kuning'inia kwenye maji ya madini. Minyanya yake ilirefuka kupita mita 7, ikabidi wachumaji wapande ngazi. Magazeti yakavuma, na mwaka 1937 kilimo hicho kikapewa jina: haidroponiki.

Wenzake wa chuo hichohicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, hawakubebwa na shamrashamra. Walipima, na mwaka 1938 wakaeleza kuwa mavuno ya majini hayazidi ya udongo mzuri. Mchanganyiko wao wa madini unatumika maabara hadi leo, na hukumu yao inastahili kukumbukwa vivyo hivyo.

Kwani haidroponiki iling'ara pale ambapo udongo haukuwepo. Wake ni kisiwa cha matumbawe katikati ya Pasifiki, wakati huo kikiwa kituo cha ndege za shirika la Pan American. Kuleta mboga mbichi huko kwa ndege kulikuwa gharama kubwa, hivyo mwaka 1938 abiria na wafanyakazi wakaanza kulishwa mboga za matangini. Mwaka 1945 jeshi la Marekani likafanya hivyo Ascension, kisiwa cha miamba ya volkano, likitumia vitalu vya kokoto.

Leo wakulima wa Afrika Mashariki nao wanauziwa mitambo ya aina hii. Mwenye ardhi nzuri akapime udongo wake kwanza, kisha alinganishe gharama, kabla ya kutoa fedha yake.