Shahada ya Ulemavu na Ujumuishaji wa Jamii: Thika na Ruiru

Shahada ya ulemavu na ujumuishaji wa jamii humwandaa mtaalamu wa kuondoa vizuizi vinavyomnyima mtu mwenye ulemavu nafasi ya kuishi, kufanya kazi na kujiamulia mambo yake miongoni mwa majirani zake. Katika ukanda wa Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, taaluma iliyo karibu nayo zaidi ni elimu maalumu. Chuo Kikuu cha Kenyatta, chenye bewa kuu Kahawa, kusini mwa Ruiru, hufundisha walimu wa fani hiyo; na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani kando ya barabara ya Thika. Msingi huu wa ualimu ni wa thamani kubwa, ila ni mwembamba mno kuubeba ujumuishaji.

Wembamba huo una historia. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha Shule ya Wasioona ya Thika, na baadaye likafungua shule ya Joytown kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Shule hizo za bweni ziliwafungulia mlango wa elimu watoto ambao hakuna mwingine aliyewataka, na anayezikosoa sharti kwanza alikiri deni hilo. Hata hivyo, bweni humtoa mtoto kwao akiwa mdogo na kumrudisha akiwa kijana. Kwa miaka yote hiyo majirani hawakujifunza kuishi naye. Amebobea katika breli, anarudi mahali ambapo hakuna anayeisoma. Ruiru inaonyesha upande wa pili. Sensa ya 2019 iliukuta mji huo na watu 490,120, na sura yake ni ya nyumba za kupangisha za ghorofa. Jengo lisilo na lifti humfungia ndani anayetumia kiti cha magurudumu, awe na digrii au asiwe nayo, na makanga anayekataa kukipakia kiti hicho humpotezea kazi. Vizuizi hivyo haviko mwilini mwake. Viko mikononi mwa mwenye nyumba, afisa wa mipango wa kaunti na sacco ya matatu, na ni kwao mwanafunzi anapaswa kupelekwa kwa mafunzo ya nyanjani: asome ramani za ujenzi, ahudhurie vikao vya bajeti ya kaunti, aijue Lugha ya Ishara ya Kenya kiasi cha kuzungumza bila mkalimani.

Wapo wanaosema kwamba walimu wa elimu maalumu hawatoshi, hivyo fedha ziende kwao kwanza. Upungufu huo ni wa kweli, lakini mwalimu hawezi kumfuata mhitimu hadi kituo cha basi. Wengine huhofia kwamba mwenye shahada hii atakosa ajira. Hofu hii ni nzito zaidi, kwa kuwa kaunti huajiri polepole. Lakini kazi yenyewe imeshaagizwa na sheria: Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo, usafiri na habari, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Bila wataalamu wa kuzitekeleza, haki hizo hubaki karatasini. Pingamizi la tatu hutegemea takwimu: sensa ya 2009 ilitaja asilimia 3.5 ya Wakenya kuwa na ulemavu, ile ya 2019 asilimia 2.2 tu. Maswali na vigezo vilibadilika kati ya sensa hizo mbili, hivyo tarakimu hizo hazithibitishi kwamba watu wamepungua. Kuyasoma mambo kama hayo kwa uangalifu ni sehemu ya taaluma hii.

Kati ya Kahawa na Thika kuna pia Chuo Kikuu cha Zetech mjini Ruiru, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja na Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika. Vyuo hivi vikiamua kufundisha shahada hii, viwaite wahitimu wenye ulemavu kuandika mtaala na kuufundisha, kabla ya kumsajili mwanafunzi wa kwanza.