Kisu kilipokuwa ng'ambo ya mto

Kabla ya daraja kujengwa, mgonjwa wa Mahenge aliyeandikiwa rufaa ya upasuaji Ifakara alikuwa na mto mbele yake. Gari la wagonjwa liliteremka kivukoni, likangoja pantoni, na ndugu wakampepea mgonjwa. Masika, mto huo wa Kilombero ukijaa, subira hiyo ilikuwa na gharama yake.

Kisu cha upasuaji kilifikaje Ifakara? Wamisionari Wakapuchini na masista wa Baldegg, wote kutoka Uswisi, walianza kwa kufunga vidonda na kugawa dawa. Mwaka 1944 akaja Dakta Karl Schöpf, na zahanati ya misheni ikakua hadi kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kwa miongo mingi, wengi katika bonde la Kilombero waliosumbuliwa na ngiri, busha au uchungu uliokwama walielekezwa huko.

Shida haikuwa jengo tu, bali pia mikono ya kupasua. Mwaka 1961 kilifunguliwa Ifakara kituo cha kufundisha waganga wa vijijini. Mwaka 1963 serikali ikaanzisha mafunzo ya madaktari wasaidizi: matabibu wazoefu walirudi darasani, wakajifunza pia upasuaji. Baadaye Ifakara nayo ikawafundisha. Hao ndio waliowapasua kina mama wengi wa vijijini Tanzania, mahali pasipo na daktari bingwa.

Karne hii kisu kikaanza kumfuata mgonjwa. Vituo vya afya, kama cha Mlimba, viliandaliwa kwa upasuaji wa dharura wa uzazi. Kabla ya kupasuliwa, mama huketi ukingoni mwa kitanda, ameinama, amekumbatia mto wa kulalia. Sindano ya ganzi huingia mgongoni, na baada ya muda mfupi miguu inakuwa mizito. Ni kazi ndogo kwa macho, lakini pasipo mtu wa usingizi, damu salama na umeme, thieta ni chumba cha kawaida.

Leo zahanati haipasui, humpa mgonjwa rufaa. Kituo cha afya kilichoandaliwa hushughulikia dharura za uzazi. Hospitali hutibu ngiri na mifupa. Yaliyoshindikana hupelekwa Mtakatifu Fransisko, ambayo sasa ni ya rufaa, au Muhimbili. Daraja la Magufuli juu ya Kilombero, mita 384, limeondoa foleni ya pantoni.

Hata hivyo daraja halimpasui mtu. Mjamzito anayehudhuria kliniki aulize mapema: nikizidiwa usiku, thieta ya karibu ni ipi, na mtu wa usingizi yupo?