Karata za Harusi ya Kifalme: Bibi Harusi Alikuwa Mchumba wa Marehemu Kaka Mtu!

Waingereza hawawezi kufanya harusi ya kifalme bila kuuza kitu. Vikombe, sahani, mikebe ya biskuti, na pia karata. Ndiyo, hizi kadi 52 tunachezea mtaani.

Pakiti ambayo wakusanyaji wanaitafuta sana ni ya 1893. Chama cha watengeneza karata wa London, kilichopewa hati na Mfalme Charles I mwaka wa 1628, hutoa pakiti spesheli kila mwaka tangu 1882. Ya 1893 ilikuwa ya harusi ya George, Duke wa York, na Princess May wa Teck. Walioana 6 Julai, St James's Palace.

Sasa udaku wenyewe. May hakuwa manzi wa George. Alikuwa amechumbiwa na kaka yake mkubwa, Albert Victor, jamaa aliyekuwa kwa laini ya ufalme. Januari 1892 msee akashikwa na homa, ikageuka nimonia, akafariki wiki chache tu kabla ya harusi. Malkia Victoria alikuwa amempenda huyo dem na hakutaka aende. Mwaka uliofuata akaolewa na ndugu mdogo. Hapa kwetu wazee wangesema amerithiwa, na hata ndoa ya kwanza haikuwa imefika kanisani! Mwaka wa 1910 wakawa Mfalme George V na Malkia Mary.

Utajuaje pakiti ni ya kitambo kweli? Anza na A ya shupaza, ile kali kuliko zote kwa kadi. Serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza karata ushuru, na hiyo A ndiyo ilikuwa risiti. Kuifeki ilikuwa noma: Richard Harding alinyongwa London 1805 kwa hiyo kesi. Kutoka 1862 ushuru ulishuka hadi peni 3, ukahamia kwa karatasi ya kufungia pakiti, na kampuni zikaanza kuweka majina yao kwa A. Ukiona De La Rue, ni hao hao waliochapa noti zetu za 2019.

Ile karatasi ya ushuru ikiwa bado iko, bei inapanda. Kadi moja ikipotea, inaanguka vibaya, so hesabu zote kabla utoe doo.

Na za Charles na Diana za 1981? Hizo zilichapwa kama njugu, na hata miaka 100 hazijafikisha. Mtu akikuitisha bei ya antiki, buda, unachezwa.