Kidude cha Namba Sita na Barua Pepe Iliyoponza

Zamani kidogo, kabla simu haijashika kila kazi, mhasibu aliyetaka kuingia kwenye akaunti ya kampuni benki mtandaoni alitembea na kidude kwenye funguo zake. SecurID ya RSA ilitoa namba mpya kila sekunde 60. Mwizi akiiba nywila bila kidude, ameula wa chuya.

Machi 2011 mambo yakageuka. Mfanyakazi mmoja wa RSA yenyewe alifungua barua pepe iliyokuwa imeshaangukia kwenye taka, yenye faili la Excel kuhusu mpango wa ajira. Kumbe mtego! Wadukuzi wakapenya, wakachota siri za vidude vile. Juni kampuni ikajitolea kuwabadilishia wateja. Kidude kilikuwa kizima, kilichoponza ni kubofya tu.