Mrundikano na Kiporo katika Maabara ya Vinasaba

Mwaka 2009, katika ghala la polisi mjini Detroit, Marekani, viligunduliwa vifurushi zaidi ya 11,000 vya sampuli zilizochukuliwa kwa waathirika wa ubakaji. Vingi havikuwahi kufikishwa maabara. Kwa Kiingereza hali hiyo iliitwa backlog, jina lilelile la sampuli ambazo maabara imekwisha kuzipokea lakini haijazipima. Kiswahili kitenganishe mambo haya mawili, kwa kuwa tiba zake hazifanani.

Tumezoea kusikia mrundikano wa kesi mahakamani. Neno hilo linafaa maabara pia, mradi tujue kusubiri kunageuka kuchelewa lini. NIJ, taasisi ya utafiti wa haki jinai ya serikali ya Marekani, imekuwa ikitumia kipimo cha siku 30 tangu sampuli ipokelewe maabara. Sampuli ya siku ya tano, basi, iko kwenye foleni tu. Iliyovuka kikomo naiita kiporo, kama mashabiki wa soka wanavyoiita mechi iliyoahirishwa ambayo bado timu zinadaiwa. Jumla ya viporo ndiyo mrundikano. Zile za Detroit zilizobaki ghalani ni sampuli zisizowasilishwa.

Sampuli zisizowasilishwa huondolewa kwa amri: sheria inayowabana polisi wazipeleke maabara ndani ya muda maalumu. Mrundikano hauondoki kwa amri, kwa sababu chanzo chake ni hesabu. Maabara ikipokea sampuli 100 kwa mwezi na kukamilisha 90, kila mwezi inabaki na 10. Viporo vyote vikipelekwa kwa maabara binafsi leo, mwezi ujao vingine vitaanza kujikusanya. Na maombi yenyewe yanaongezeka: siku hizi vinasaba hupatikana hata kwenye seli chache zilizoachwa na mkono ulioshika kitasa, hivyo polisi hupeleka pia sampuli za wizi wa nyumbani.

Roboti husaidia kuchopoa vinasaba na kuviandaa kwa ajili ya kuzidishwa kwa mbinu ya PCR. Lakini matokeo husomwa na mtaalamu, kisha huhakikiwa na mwenzake kabla ya ripoti kutolewa. Roboti zikiongezwa bila wasomaji kuongezwa, viporo huhamia tu kwenye meza ya uhakiki.

Hapo ndipo tofauti ya istilahi inapopata uzito. Sheria ikiwalazimisha polisi kumaliza ghala lao, sampuli zisizowasilishwa hupungua, na baada ya siku 30 mrundikano wa maabara huongezeka kama wataalamu ni walewale. Neno likiwa moja, mkuu wa polisi atatangaza mafanikio na mkuu wa maabara atalaumiwa, ilhali wote wawili wanazungumzia sampuli zilezile.