Noti na Mlipaji Wake: Kubadilisha Fedha Katika Nchi ya Bukoba

Tokea Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, watu wa nchi hiyo wameona fedha zikikataliwa na nyingine zikiletwa mahali pake mara nyingi. Vitabu vya historia hulipitia jambo hili kwa haraka, kana kwamba ni kazi ya karani na daftari lake tu. Walakini kwa mkulima aliyeficha akiba yake nyumbani swali lilikuwa moja: siku noti hii itakapokataliwa sokoni, yuko nani wa kuilipa?

Hapo kale fedha ya Buhaya ilikuwa simbi, yaani kauri zilizopandishwa kutoka pwani, nazo zilitumika katika biashara na katika mahari. Simbi haikuwa ahadi ya mtu yeyote. Thamani yake ilikaa katika desturi ya wale walioipokea. Wajerumani walipodai kodi ya nyumba kwa rupia, desturi hiyo ilidhoofika. Rupia yenyewe ilikuwa ya fedha halisi, yenye sura ya Kaiser Wilhelm II, ikigawanywa kwa pesa 64, na tangu mwaka 1904 kwa heller 100. Hata aliyeichukia serikali aliweza kuipima rupia kwa mizani.

Msiba ulikuja na karatasi. Vita vilipoanza mwaka 1914, bahari ilifungwa na manowari za Kiingereza, na fedha mpya hazikuweza kufika kutoka Ulaya. Basi Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyoanzishwa mwaka 1905, ikatoa noti za dharura kuanzia mwaka 1915, zilizopigwa chapa humu humu nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Za mwaka 1917 zilichapwa kwa mihuri ya mpira, jeshi likiwa safarini porini. Kule Tabora mwaka 1916 zilifuliwa sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, lakini hizo si fedha za kumfikia mwuza ndizi.

Tarehe 22 Juni 1915 Waingereza waliteremka karibu na Bukoba, wakauteka mji siku ya pili, wakauvunja mnara wa simu ya upepo, kisha wakaondoka zao. Walirudi mwaka 1916 wakakaa. Msomaji na amfikirie mtu aliyekuwa na rupia 10 za fedha, na jirani yake aliyekuwa na noti ya rupia 10. Wa kwanza alibaki na madini yake. Wa pili alibaki na neno la benki ambayo meza zake zilikuwa ng'ambo ya pili ya vita, na serikali mpya haikuwa imetia sahihi neno hilo.

Chini ya Waingereza rupia iliwekewa kima cha shilingi mbili, ikapita florini kwa muda mfupi mwaka 1920, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki. Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa tarehe 14 Juni 1966, ilitoa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100, nazo zilibadilishwa na zile za Bodi moja kwa moja. Kazi hiyo ilikuwa nyepesi, kwa kuwa mdeni wa zamani hakuwa amekimbia.

Kumwona mdeni hakutoshi, hata hivyo. Mwezi wa Mei 1987, ng'ambo ya Mutukula, serikali ya Uganda ilibadilisha shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, kisha ikakata kodi ya asilimia 30. Mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuwa na noti za Uganda sandukuni aliona akiba yake ikipunguka, naye hakuwa raia wa kulalamika kule.

Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 Benki Kuu ya Tanzania iliziita noti zilizotolewa tangu mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Zilipokelewa katika ofisi zake na katika mabenki ya biashara, kwa thamani iliyoandikwa juu yake bila kukatwa. Ahadi ililipwa. Ila aliyeweka noti ya shilingi 20 tangu mwaka 1985 alistahili shilingi 20 zile zile, na nauli ya kuivusha kutoka visiwa vya Muleba hadi benki iliizidi mara nyingi.